Bastola ya Mfuko wa Apuroni

Mimi sikusoma. Jina langu likiandikwa kwa ukuta naweza kulipita bila kulisalimia. Lakini masikio nilipewa, na mdomo wa kurudisha kile masikio yamechukua. Ukija kwangu leo ukasema "hodi", kesho wenzako watasikia hiyo hodi yako ikitoka kwangu, na kikohozi chako ndani yake. Watu wanasema nina dharau. Si dharau. Wengine wanakoroma, mimi naiga.

Huo mdomo ndio ulinipatia kazi kwa shamba la mzungu mmoja, nje kidogo ya Kitale, upande wa kuelekea mlimani. Niliingia kama yaya. Watoto wakakua, wakapelekwa shule kwao Ulaya, nikabaki wa kufua na kupiga pasi, na kuchekesha memsabu. Hiyo ya kuchekesha haikuwa na mshahara, lakini ndiyo ilinishikilia pale. Alikuwa mwanamke mpweke. Nikimwigia mpishi akigombana na kuni mbichi, anacheka mpaka anajipangusa macho na apuroni.

Na mimi pale nilipahitaji, bana. Bwana yangu alikuwa ameniacha kwa sababu sikuzaa. Nikarudi kwa ndugu yangu, kule Kabuchai, na bibi ya ndugu yangu, sikiza sauti yake, kama mlango wa mabati: "Shemeji, leo umekura mara ngapi?" Kwa hivyo kile chumba nyuma ya jikoni ya memsabu ndicho kilikuwa nyumba yangu. Kitanda changu, kufuli yangu, ufunguo wangu kwa shingo. Sikuwa na ingine.

Sasa ikaingia ile miaka ya hali ya hatari. Vita vya kufukuza wazungu vilikuwa mbali, kwa misitu ya huko Nyeri, lakini wazungu wa Kitale walikuwa wanaogopa kama vita viko chini ya kitanda. Kila mmoja akafunga bastola. Wanaenda kanisani na bastola, wananunua kabichi na bastola. Bwana wa shamba akamwambia memsabu wakati wa chai, mimi niko pale na sahani ya mkate. Kiingereza cha mezani nilikuwa nasikia, kuongea ndiyo ilikuwa shida. Bwana alikuwa anaongea na kiko mdomoni, maneno yanapita kwa pua:

"Mpenzi, mambo ni mawili. Ama ubebe bastola kila siku, mchana kutwa, ama uende kwa dada yako Uingereza mpaka hii taabu iishe. Mimi siwezi kulima mahindi nikiangalia nyuma."

Nikahisi mkate umekuwa mzito. Memsabu akienda Uingereza, magauni ya nani yatafuliwa? Bwana alikuwa anahitaji mpishi na mtu wa kukamua ng'ombe. Mimi ningerudi kwa ule mlango wa mabati, kuulizwa nimekula mara ngapi. Nikaomba Mungu memsabu apende bastola. Hebu ona, mtu anaomba Mungu maneno kama hayo.

Shida ilikuwa vidole vyake. Alikuwa na ugonjwa wa viungo. Asubuhi vile vidole vinakunjika kama miguu ya kuku ndani ya supu. Chupa ya jamu ilikuwa inaningoja mimi.

Bwana akamjaribisha kwanza bastola yake mwenyewe, ya Mmarekani, ile alitoka nayo kwa vita vya Hitla. Chuma kubwa nyeusi. Akamweleza kama mwalimu: risasi saba ziko ndani ya mpini, kila moja kama kidole gumba. Kuna kufuli moja ya kidole, na ingine nyuma ya mpini, usipokaza mkono hailii. Na juu kuna kile chuma kinavutwa nyuma kikaachiliwa, ndiyo risasi ya kwanza ipande. Ikishapanda, zingine zinajipandisha zenyewe, kila ukipiga.

"Mtu akipigwa na hii," Bwana akasema, "hauulizi mara ya pili."

Memsabu akaitia kwa mfuko wa apuroni. Apuroni ikashuka mpaka magotini, kamba ikakatika. Mimi nikageuka nikaangalia ukuta, mabega yakitingika. Memsabu mwenyewe akacheka. Bwana hakucheka. Akasema atamwita mzungu wa duka la bunduki aje na zile ndogo.

Akaja siku moja alasiri, mtu mfupi, akipumua anapiga filimbi kwa pua. Fiii, anasema neno, fiii. Akatandika kitambaa kwa meza ya baraza, akaweka bastola mbili. Mimi nilikuwa naleta chai, nikachelewa kuondoka.

Ya kwanza ilikuwa ya Mbelgiji. Bapa, kama kipande cha sabuni kimetumika nusu. "Hii, fiii, inaingia popote. Hata nguo haivimbi." Memsabu akafurahi. Lakini udogo si ulaini. Ile springi yake ilikuwa kali, na mahali pa kushika padogo, vidole vyake vinateleza tu. Akavuta, akavuta, mpaka shingo ikawa nyekundu.

"Basi aibebe ikiwa tayari," mtu wa duka akasema. "Risasi juu, kufuli imefungwa."

"Kwa apuroni?" Bwana akatoa kiko. "Akiinama kuchuma waridi? Atasahau kufunga ajipige mguu, ama atasahau kufungua apigwe yeye."

"Basi risasi ikae chini, avute wakati wa kutumia."

"Si umeona hawezi kuvuta!"

Wakabishana hivyo kama wazee wa mahari. Memsabu akachoka, akaninyoshea ile bastola bila kuangalia, vile alikuwa ananipa chupa ya jamu. "Nifungulie."

Nikavuta. Ilikuja kama ganda la ndizi, mikono yangu ilikuwa ya kusaga wimbi. Halafu kijiko kilisimama kwa kikombe. Mwafrika ameshika bastola, wakati ule ambapo watu walikuwa wanafungwa kwa risasi moja kuokotwa nyumbani kwao. Bwana akainuka polepole, akaichukua kwa mkono wangu na vidole viwili, kama mtu anamnyang'anya mtoto wembe. "Asante," akasema. Nikarudi kwa birika la chai. Sikuwa nimeomba kitu chao.

Mtu wa duka akafungua ya pili haraka. Hiyo ilikuwa ya Mfaransa. Nayo ilikuwa na maneno yake. Unasukuma kidude kando, mtutu unainuka mwenyewe, kama mdomo wa kinda anangoja kulishwa. Unaweka risasi moja na mkono wako, unafunga, imeisha. Zingine ziko kwa mpini zinangoja zamu. Hakuna kuvuta chuma. Na kufuli hakuna.

"Hakuna kufuli?" Bwana akauliza.

"Kufuli yake ni urefu. Fiii. Kidole kinavuta safari ndefu mpaka ilie. Haiwezi kulia kwa bahati mbaya."

"Risasi yenyewe kama punje ya mahindi. Itamkasirisha mtu tu."

"Bwana, ile kubwa imebaki kabatini haijawahi kumpiga mtu. Ya kukuokoa ni ile unabeba."

Memsabu akaipenda. Mimi nikaipenda zaidi yake. Nikasema kwa roho, chukua hiyo mama, chukua, twende kuosha vikombe. Lakini Bwana alikuwa mtu wa kujaribu. Hata ng'ombe hakununua bila kumtembeza. Akasema bastola haijaribiwi kwa meza. Kwanza ijulikane kama memsabu anaweza kuitoa mfukoni na kuitumia kabla mtu hajatoka kwa ule mti wa jakaranda akafika kwa ngazi. Akishindwa na zote mbili, atakata tikiti ya meli.

Akatafuta mtu wa kutoka kwa mti, macho yakaniangukia.

"Wewe!" Sasa hii ni Kiswahili chake, ya shamba: "Wewe enda kule kwa muti. Wewe nakuwa mutu mbaya. Wewe nakuja pole pole, halafu naua memsabu. Sikia?"

"Ndio, Bwana. Namuua na nini?"

Akaangalia huku na huku, akanipa mwiko wa ugali kutoka jikoni. Nilikuwa nimezuiwa kushika bastola, sasa nimepewa mwiko niue nao mtu. Nikaenda.

Mtu wa duka akaonyesha zote ziko tupu. Akachungulia ndani, akapiga filimbi. Wakaanza na ya Mbelgiji. Nikatoka kwa mti, natembea tu. Memsabu akaitoa haraka, lakini kuvuta, wapi. Nikafika kwa ngazi, nikasimama mbele yake na mwiko juu ya kichwa, sijui niushushe ama nifanye nini.

"Umekufa, mpenzi," Bwana akasema.

Wakarudia. Mara hii nikaja kama mlevi ametoka kwa busaa, nayumba, nasimama, natafuta njia, ndiyo apate wakati. Akavuta nusu. Bwana akakasirika: "Wewe! Mutu mbaya hapana cheza ngoma! Tembea kama mutu!"

Memsabu macho yalikuwa yameanza kulowa. Akaniangalia, na mimi nikamwangalia. Hakuna mmoja wetu alitaka ile meli.

Akachukua ya Mfaransa, akaitia mfukoni. Nikarudi kwa mti nikajiambia, sasa hata iwe nini, nitakufa. Nikatoka. Akatia mkono. Bastola ikanaswa na kitambaa cha pua, ikatoka na kitambaa chake kinaning'inia. Nikangoja kidogo kwa hewa, mguu juu. Tk, bastola tupu ikalia.

Nikaanguka. Na mimi sijui kufanya kitu nusu. Nilianguka vile kuku wa Krismasi anaanguka, nikarusha miguu, nikatoa ulimi. Nikasikia memsabu anacheka, mtu wa duka anapiga makofi. Hiyo makofi ndiyo ilinimaliza. Nikaona mbona maiti nzuri hivi haina wa kuililia. Nikajililia mwenyewe. Nikaweka mikono kichwani nikiwa nimelala hapo kwa nyasi, nikatoa kile kilio cha wanawake wa kwetu, kile kinatoka chini kabisa kinavuka mto: "Uwiii! Uwiii, mtoto wa mama! Wamemmaliza mtoto wa mama!"

Kwetu kilio hakichezewi. Mtoto akijaribu kulia hivyo kwa mchezo anachapwa na mtu yeyote aliye karibu, hata mgeni. Wazee wanasema kilio kikitoka na hakuna maiti, kinaenda kujitafutia. Mimi nilijua. Nilichapwa kwa ajili ya hiyo nikiwa mdogo. Lakini nilikuwa kwa uwanja wa wazungu Kitale, nikaona kama hapo hakuna mtu wa kukisikia.

Mama yangu alikuwa nyuma ya ua wa kayaba.

Alikuwa ametoka Kabuchai asubuhi na lori ya mahindi, akashuka mjini, akapita Matisi kwa miguu, na kikapu cha kumbikumbi amenikaangia. Hakuwa amesema anakuja. Mama angesema na nani? Alikuwa anakuja tu, kila akipata kitu cha kuniletea, kwa sababu kwa ndugu yangu hakuna mtu alikuwa anauliza habari yangu. Sasa amefika kwa ua, anasikia sauti ya binti yake, yeye aliyeizaa hiyo sauti, inalia mtoto wa mama amemalizwa.

Akaingia mbio. Mimi nilikuwa nimelala, jicho moja ndani ya nyasi, nikaona miguu yake kwanza. Kitambaa cha kichwa ameshavua, kama mfiwa. Kikapu kilipasuka pale kwa maua. Mdomo wake ulikuwa wazi na kilio kinatoka, kile cha kweli, na nikisikia cha kweli nikajua changu kilikuwa kama debe.

Memsabu akageuka. Uso wake ulibadilika. Haikuwa tena mchezo wa mti na ngazi, alikuwa ameona mwanamke mweusi anakuja mbio akipiga kelele. Mkono ukainuka wenyewe, ukanyooka kwa kifua cha mama yangu. Tk. Tk. Tk. Vidole vile vya supu havikuteleza hata kidogo.

Mama hakuiona hiyo bastola. Ama aliiona akaipita. Alikuwa ananiangalia mimi.

Na mimi bado nimelala. Hapa ndipo aibu yangu inakaa mpaka leo, hapo kwa zile nyasi. Si kwamba nilishindwa kuinuka. Nilikuwa nangoja Bwana aseme kama memsabu amepita ule mtihani.

"Safi!" Bwana akasema, amesimama, kiko mkononi. "Safi kabisa! Umeona, mpenzi? Hiyo haikuwa mchezo, na umeitoa, umeilenga, umepiga. Hiyo ndiyo yako."

"Hakuna kuvuta, hakuna kufuli," mtu wa duka akasema. "Fiii. Nilisema."

Ndiyo nikainuka. Nikajipangusa nyasi kwa sketi.

Mama akasimama. Kilio kilikatika katikati, kama maji ya mfereji. Akaniangalia kutoka kichwani mpaka miguuni, akaangalia mwiko, akaangalia wazungu. Hapo ndipo walicheka. Sitasema walicheka vibaya. Walicheka vile mtu anacheka akitoka kwa hofu. Memsabu akairudisha bastola kwa mfuko, akasema, "Pole sana, mama, pole, hapana risasi, ona, hapana kitu." Akataka mama aletewe chai.

"Nani amekufa?" mama akaniuliza, kwa lugha yetu.

"Hakuna, mayi," nikamwambia, vile kwetu tunaita mama. "Tulikuwa tunasaidia memsabu kuchagua bastola."

"Kuchagua."

"Ndio, mayi."

"Na mimi nimelilia nani?"

Mimi mwenye sauti za watu wote nikageukia kikapu. Mbwa wa Bwana walikuwa wameshapata kumbikumbi, wanalamba kwa nyasi. Mtu wa duka akauliza ni nini hiyo. Bwana akamwambia wadudu, hawa watu wanakula wadudu, na memsabu akakunja pua kidogo, si kwa ubaya. Nikapiga magoti nikaanza kuokota moja moja, nafukuza mbwa na ule mwiko. Mama hakuinama. Alikuwa anafunga kitambaa chake kichwani, polepole sana, kama mtu anavaa mbele ya watu wasiostahili kumwona.

Chai hakunywa. Kwa chumba changu hakuingia. Nilimwonyesha mlango, ufunguo huu hapa kwa shingo, "Karibu, mayi, upumzike miguu." Akasema nyumba ya mtu amekufa haiingiwi hivi hivi. Turudi nyumbani leo, jua likiwa bado.

Memsabu akanipa ruhusa na pakiti ya sukari. Alikuwa na furaha, hakuwa anaenda Uingereza tena. Alinishika bega akasema nimemsaidia sana.

Kwa lori mpaka Bungoma mimi ndiye nilikuwa naongea. Nikajaribu kumchekesha. Nikamwigia mtu wa duka na filimbi yake, nikamwigia Bwana na "muti" na "mutu". Mama mwingine aliyekuwa kwa lori na mbuzi alicheka mpaka akamwachilia mbuzi. Mama yangu aliangalia barabara.

Nyumbani akafanya vile inafanywa. Kilio chetu kikishalia lazima kipewe mwili, ama kitarudi kuuchukua. Kama mtu alipotea vitani, unazikwa mgomba kwa nafasi yake. Basi akakata mgomba nyuma ya nyumba yake, urefu wangu. Alipima kwa kunisimamisha kando yake, mkono wake kwa kichwa changu, halafu kwa mgomba. Akaufunga kwa ile leso nilimnunulia Krismasi. Ndugu yangu akachimba. Bibi yake akaja kwa mlango, mikono kiunoni: "Hee, shemeji, kwani umekuja kwa matanga yako mwenyewe? Utakura lakini?"

Majirani wakaja pia, wamesikia jembe. Mwanamke mmoja mzee akauliza mama, kwa heshima, marehemu alikuwa na ugonjwa gani.

Mama akatia udongo mkononi, akaumwaga ndani ya shimo.

"Alikufa na kuchekesha watu," akasema.

Hakuna aliyecheka. Mimi nilikuwa nimesimama pale, mzima, na sukari ya memsabu chini ya kwapa.

Nilirudi Kitale, kwani si nilikuwa na kazi huko? Memsabu alikuwa ameshonea apuroni zake zote mfuko wa kitambaa kigumu, upande wa kulia. Kila siku ya kufua alikuwa anaitoa ile ya Mfaransa mwenyewe, anaiweka kwa dirisha, ndiyo ananipa apuroni. Siku moja wageni wakaja, akaniita, "Hebu waonyeshe vile mama yako aliingia!" Nikasema, memsabu, leo koo linaniuma. Akasikitika kweli. Akanipa asali.

Mama hakuja tena Kitale. Nikitaka kumwona nilienda mimi, na kila nikifika alikuwa ananingojesha kwa mlango. Ananiangalia mikono, ananiangalia miguu, ananigusa shingo na nyuma ya vidole kama mtu anapima uji kama umepoa. Halafu anaangalia nyuma yangu, kama yule wa mgomba amenifuata, ndiyo anasema, "Karibu. Umekuja peke yako?"

"Peke yangu, mayi."

"Keti, basi. Ongea na sauti yako."

Na mimi nikiketi hapo, sijui nianze na neno gani.